Barua ya wazi kwa wakubwa wa uvuvi: sangara ana karatasi zake, dagaa naye apewe za kwake

Waheshimiwa wakubwa mnaosimamia uvuvi kwenye nchi zetu za Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine habari za kazi.

Nina kaduka ka vyakula vya nyumbani hapa Columbus, Ohio. Msifikirie supamaketi, ni chumba kimoja na friza mbili, unga wa ugali, maharage, mawese, unga wa muhogo, majani ya chai, vitenge viwili vitatu vimening'inia ukutani, na watu wanaoingia kununua pakiti moja ya unga wakakaa saa nzima wanapiga stori. Wateja wangu wengi ni Wakongo waliokaa Nyarugusu kule Kigoma miaka na miaka kabla ya kuletwa huku, halafu Wakenya, Warundi, Waganda wachache na sisi Watanzania. Na wote hao, kabla hata salamu haijaisha, wanauliza kitu kimoja. Mkenya anauliza omena. Mganda mukene. Mama wa Uvira ananiambia "ndugu, ndagala iko?" Mtanzania mwenzangu yeye anauliza dagaa, tena anataka kujua kabisa ni wa Mwanza au wa Kigoma.

Sina. Nilichonacho ni pakiti za vidagaa vya baharini kutoka Vietnam na Thailand, plastiki safi, lebo imejaa maandishi mpaka nyuma, na kila nikimuuzia mtu najua wiki ijayo atarudi kunilaumu. Juzi mama mmoja alinirudishia nusu pakiti akaniambia "hii haiko ndagala, ni chumvi tupu". Nikamrudishia hela yake, ningefanyaje.

Barua hii nawaandikia nyie na siwaandikii Wamarekani. Najua mtu akisikia mzigo wa samaki umekwama Marekani anasema moja kwa moja hao jamaa wana roho mbaya na vitu vya Waafrika, na mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, tena nje ya kanisa watu wananisikia. Kisha nikaanza kusoma sheria yao usiku baada ya kufunga duka, na nilichokikuta kilinitoa jasho, maana dagaa wetu hajakatazwa popote. Anachokosa ni karatasi, na zile karatasi muhimu zaidi zinatakiwa zitoke upande wenu.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka 2023 niliagiza kilo 300 kutoka kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) karibu na Musoma, shangazi yangu ndo anakausha pale na wenzake, wanaanika juu ya chanja, hawaweki chini kwenye mchanga, dagaa wake ukiwamwaga kwenye ungo wanang'aa kama sindano. Nikapata ajenti wa kusafirisha, akaniambia usijali dada, mimi hizi kazi nazijua. Akaenda ofisini kuchukua cheti cha afya, akapata, akapiga picha akanitumia WhatsApp, muhuri umekaa vizuri, nikafurahi. Mzigo ukapanda ndege.

Ulipofika ukasimamishwa. Kwenye invoisi ajenti ameandika "dry fish" basi, samaki mkavu, samaki gani hajulikani. Kwenye cheti cha afya wameandika "sardines". Kwenye magunia shangazi na kalamu yake nene ameandika DAGAA. Mzigo mmoja, majina matatu! Wakaniuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angeuliza, kwamba hawa ni samaki gani kwa jina la kisayansi, walikaushwa wapi na nani, mpango wa HACCP, yaani wa kuzuia hatari kwenye chakula, wa huyo mkaushaji uko wapi, na wewe mwagizaji umefanya nini kuhakikisha. Sikuwa na jibu hata moja. Hata swali lenyewe la HACCP nililigugo siku hiyo hiyo, naona aibu kusema lakini ndo ukweli.

Mzigo ukakataliwa. Kwa sheria yao mzigo wa chakula uliokataliwa una siku 90, ama uutoe nje ya nchi ama uteketezwe, na kurudisha Musoma kilo 300 za dagaa kwa ndege ni bei ambayo hata dagaa wenyewe wangeshangaa. Tukateketeza, na gharama ya kuteketeza nikalipa mimi, stoo nikalipa mimi, broka wa forodha nikamlipa mimi. Sitamtaja ajenti wala ofisi iliyoandika sardines, kwa sababu nusu ya makosa yalikuwa yangu, nilitaka kuagiza chakula cha watu kwa kutegemea picha ya WhatsApp.

Sasa niwaeleze sheria inavyosema, kwa lugha yetu, maana nimegundua kule mialoni hakuna anayewaambia watu hivi.

Marekani kila anayetayarisha samaki wa kuuza kwao, awe kwao au awe Musoma, anatakiwa afuate utaratibu wa HACCP, sheria hiyo ilianza kufanya kazi Desemba 1997. Wengi wanaitamka hasapu na wanaiogopa kama jini, lakini kiini chake ni kuandika hatari ziko wapi kwenye kazi yako na unazizuia vipi, kisha uweke kumbukumbu kwamba kweli ulizizuia. Shangazi yangu hatari anazijua zote, mvua, mchanga, nzi, kuku, dagaa waliolala kwenye mtumbwi mpaka jua limetoka, na anajua kuzizuia. Hajaandika tu. Na kukausha kunahesabika kuwa ni kutayarisha, kwa hiyo yule mama na ungo wake kwa macho ya sheria ile ni kiwanda.

Mimi mwagizaji natakiwa niwe na maelezo ya bidhaa yenyewe kwa maandishi, halafu nichukue hatua ya kuhakikisha kwamba aliyetayarisha kafuata sheria. Hatua zenyewe wameziweka kadhaa, unachagua moja. Naweza kupata kumbukumbu za HACCP na usafi za mzigo husika kutoka kwa mkaushaji. Naweza kwenda kumkagua mwenyewe mara kwa mara (kwa nauli gani?). Naweza kuweka nakala ya mpango wake wa HACCP kwa Kiingereza pamoja na barua yake ya dhamana. Naweza kupima bidhaa maabara mara kwa mara pamoja na hiyo dhamana. Au, na hapa ndo nataka mtulie msome taratibu, naweza kupokea cheti kutoka mamlaka ya ukaguzi ya serikali ya nchi samaki alikotoka, cha kila mzigo au cha kuendelea, kinachosema kwamba samaki hawa wametayarishwa kwa kufuata matakwa ya sheria hiyo.

Hiyo mamlaka ya ukaguzi ni nyie.

Cheti nilichopewa mimi kilisema samaki wanafaa kwa matumizi ya binadamu. Sentensi nzuri, haina kosa, ila mpakani haikunisaidia kitu kwa sababu haisemi wametayarishwaje wala kwa kufuata nini. Kilichotakiwa ni sentensi nyingine moja tu kwenye karatasi ile ile yenye muhuri ule ule. Kwa ajili ya mistari miwili magunia yameenda motoni.

Najua hapo kuna mkubwa anasema basi rahisi, tutaongeza hiyo sentensi kesho asubuhi. Hapana jamani, tafadhali msiongeze kesho asubuhi. Sentensi hiyo mkiiandika bila mtu kwenda mwaloni kukagua, mzigo wa kwanza utapita, wa pili utapimwa ukutwe na mchanga na mavi ya kuku, na baada ya hapo huyo mkaushaji anaweza kuingizwa kwenye orodha ya tahadhari ambapo mizigo yake inasimamishwa hata kabla haijafunguliwa. Kutoka kwenye hiyo orodha si shughuli ndogo. Na mizigo wanayoikataa wanaitangaza mtandaoni, jina la kampuni, nchi, sababu, kila mtu anasoma. Mimi nimeisoma sana hiyo orodha, kuna sababu moja inajirudia mpaka inatia huruma, uchafu.

Kwa hiyo ninachoomba ni kazi iliyo nyuma ya hiyo sentensi. Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu kwa sangara mliweza.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria si mara moja, Desemba 1997 kwa hofu ya kipindupindu, 1999 kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Mwanza ilisimama. Nilikuwa msichana mdogo lakini nakumbuka baba zetu wamekaa vibarazani saa nne asubuhi, viwanda kimya. Na kilichofuata ni nini? Serikali zote tatu zilikimbia, sheria zikarekebishwa, wakaguzi wakafundishwa, mialo ya sangara ikawekewa sakafu na barafu, maabara ya Nyegezi ikawa maabara ya kweli kweli ya kupima samaki. Leo minofu ya sangara inaenda Ulaya na kwingine na karatasi zake zimenyooka, mnunuzi haulizi mara mbili.

Dagaa hakuna aliyemfungia mlango, ndo maana hakuna aliyemkimbilia. Lakini kwa uzito dagaa ndo samaki anayevuliwa zaidi Ziwa Victoria, amempita sangara zamani. Na kazi yake iko mikononi mwa kina mama, wanaume wanavua usiku wa kiza na taa zao, alfajiri mzigo unashuka na kuanzia hapo ni kina mama, kuosha, kuanika, kugeuza, kupepeta, kupanga daraja. Halafu sehemu kubwa ya hao dagaa inaishia kusagwa iwe chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa, kwa sababu walianikwa mchangani na binadamu hawatafuni mchanga. Mnaelewa kwa nini nawaka? Kuku wa mtu anakula dagaa wa Musoma na mimi Columbus nauza dagaa wa Vietnam.

Turudi kwenye karatasi. Kuna sheria nyingine ya huku ambayo mtu akiisoma juu juu anakata tamaa, na mimi nilikata tamaa wiki mbili. Samaki mkavu au wa chumvi ambaye hajatolewa utumbo hawamtaki kabisa. Sababu ipo, kuna ugonjwa wa sumu unaitwa botulism, vijidudu vyake vinakaa kwenye utumbo wa samaki, na mwaka 1987 watu wa New York na Israel waliugua kwa kula samaki mkavu wa chumvi asiyetolewa utumbo, kapchunka wanamwita. Tangu hapo hawataki mchezo. Nikasema basi, nani atatoa utumbo wa dagaa mmoja mmoja? Lakini ukisoma mpaka chini wameacha nafasi ya samaki wadogo. Asiyezidi inchi 5, yaani kama sentimita 12.7, anaruhusiwa na utumbo wake, ili mradi amekaushwa mpaka maji yaliyo huru ndani yake yashuke chini ya kipimo cha 0.85, au awe na chumvi ya kutosha, au uchachu wa kutosha. Dagaa wa Ziwa Victoria hafiki hata sentimita 10. Anapita! Wa Kigoma wengi wanapita pia, ila wale wakubwa wakubwa wa Tanganyika wanaweza kuzidi, hao wachambuliwe pembeni kabla ya kufungwa.

Sasa hicho kipimo. Mama wa mwaloni anajua dagaa amekauka kwa kumvunja katikati, akisikia kale kasauti anasema tayari, na nina hakika dagaa anayevunjika hivyo yuko chini kabisa ya hiyo 0.85. Ila karatasi haisikii sauti. Karatasi inataka namba, na namba inatoka kwenye mashine, na mashine iko maabara. Naomba maabara ziwe na bei ya dagaa. Mtu wa kilo 300 msimtoze kama mtu wa kontena la minofu. Hata mkisema tukusanye sampuli za mwalo mzima mara moja kwa mwezi, tutachanga, kina mama wana vikoba, wanajua kuchanga kuliko hata sisi.

Halafu jina. Hapa niruhusuni nikae kidogo kwa sababu ndo lililoniua.

Dagaa si jina la samaki. Tumezoea kuona ni jina lakini ni neno la ukubwa, kama kusema "vidogo vidogo". Dagaa wa Ziwa Victoria kwa kisayansi ni Rastrineobola argentea, undugu wake ni na carp, na sardini hana udugu hata wa mbali. Dagaa wa Kigoma ni wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, hao sasa kweli ni jamii ya sardini walioingia ziwani zamani za kale. Dagaa wa Unguja na pwani wengi ni jamii ya anchovy, wa baharini, wanachemshwa na chumvi kwanza ndo wanaanikwa. Jina moja, samaki tofauti kabisa. Kisha geuza upande wa pili, huyo huyo Limnothrissa alipelekwa Ziwa Kivu miaka ya 1950 mwishoni na sasa kule Bukavu na Gisenyi ni sambaza, Zambia ni kapenta, Burundi na Uvira anaingia kwenye ndagala. Rastrineobola ni dagaa Mwanza, omena Kisumu, mukene Uganda. Kwa jikoni haina shida, sufuria halidai jina la kisayansi. Kwa mpakani ni balaa.

Kwa sababu jina ndo linaamua vitu vingine vyote. Ukiandika sardini au anchovy, mkaguzi anafungua ukurasa wa samaki wanaoweza kutengeneza histamini, ile sumu ya samaki aliyekaa na joto, na anataka kumbukumbu za muda na joto tangu samaki alipotoka majini. Ni haki yake, kwa dagaa wa Unguja hilo ni la kweli na wenzetu wa kule inabidi walijibu. Lakini dagaa wa Musoma ni jamii ya carp, hayumo kwenye hilo kundi, na mimi nimedaiwa karatasi za ugonjwa usiokuwa wake kwa sababu mtu ofisini aliona "sardines" ni Kiingereza kizuri cha dagaa! Jina linaamua pia namba ya ushuru, samaki mkavu yuko kwenye 0305 lakini ndani yake kuna vijisehemu kwa aina ya samaki, na ukimkaanga anahama kabisa anaenda 1604. Na lebo ya pakiti nayo, sheria yao ya mzio ya 2004 inataka uandike ni samaki gani hasa, "samaki" peke yake haitoshi.

Kwa hiyo ombi langu, na hili halihitaji bajeti ya wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini: kaeni nchi zote, Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO) iliyoanzishwa 1994 iko pale Jinja, wa Tanganyika nao wana chombo chao, mtoe karatasi ya ukurasa mmoja. Upande wa kushoto majina yetu yote, dagaa, omena, mukene, ndagala, sambaza. Upande wa kulia jina la kisayansi na ziwa. Kila ofisi inayotoa cheti ibandike ukutani, na anayejaza cheti aandike la kulia na la kushoto yote mawili. Mkifanya hilo peke yake mtakuwa mmeokoa mizigo ya watu.

Usajili sasa. Sehemu inayotayarisha au kufungasha chakula cha kwenda Marekani inasajiliwa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, na usajili ni bure. Bure kabisa. Naandika hivi kwa sababu kuna watu mtandaoni wanatoza mamia ya dola na kutoa "cheti cha FDA" chenye tai, FDA haitoi cheti cha namna hiyo, mkiona mtu anakitundika ofisini mjue kaliwa. Unarudia usajili kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya Oktoba na Desemba, unaweka mtu wa kukuwakilisha aliyeko Marekani (wa shangazi nitakuwa mimi), na siku hizi wanataka na namba ya utambulisho wa kituo, ile DUNS. Sasa mwambie mama wa mwaloni atafute DUNS. Atadhani ni dawa ya mbu.

Lakini kuna upenyo, na hapa mnaweza kufanya kitu kikubwa kwa hela ndogo. Kituo cha nje ambacho bidhaa yake inaenda kufanyiwa kazi zaidi ya maana kwenye kituo kingine huko huko nje, kuchambuliwa, kukaushwa tena, kufungashwa, hakilazimiki kujisajili, anajisajili yule wa mwisho. Maana yake mwalo mzima unaweza kuwa na banda moja la kufungashia. Moja tu, lenye sakafu, wavu wa nzi, mizani, kipima unyevu, mtu mmoja aliyefundishwa HACCP na daftari lake. Kina mama wanaanika kwenye chanja zao kama kawaida, banda linapokea na kuandika gunia la nani limekuja lini limekutwaje, linakataa lenye mchanga, linafunga. Usajili mmoja, mpango mmoja wa HACCP, mkaguzi wenu anakuja sehemu moja. BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, zipo tayari, si lazima muanze na kamati mpya, kamati tunazo hadi zinatutosha.

Mengine ni madogo na ni kazi yetu huku. Taarifa ya awali ya mzigo lazima iingie kwenye mfumo angalau saa 4 kabla kama ni ndege, saa 8 kama ni meli, hiyo broka anafanya. Broka wangu wa kwanza alinidai na karatasi za FSVP, ule mpango wa mwagizaji kuhakiki wauzaji wake wa nje, nikahangaika nazo wiki, kumbe samaki walio chini ya HACCP wamesamehewa. Kwa hiyo msidhani ujinga uko kwetu tu.

Kuna wanaosema kwa nini uhangaike, si watu wanaleta kwenye mabegi. Ni kweli, mtu akija na dagaa wake kwenye begi kwa ajili ya kula yeye na wanae, hatakiwi hata kutoa hiyo taarifa ya awali. Na ni kweli pia kwamba dagaa wengi wanaouzwa kwenye maduka kama langu walisafiri begini kwa jina la chakula cha nyumbani, sitamtaja mtu na msinitajie mimi. Lakini begi lina kilo 23 na lina viatu na lina zawadi za wakwe. Huwezi kumjengea mama wa Musoma soko kwa begi. Na siku mtu mmoja akiugua, hakuna atakayejua dagaa walitoka mwalo gani.

Wa pwani najua mnanisoma na mna yenu, tena mazito kuliko yetu. Jodari na jongoo bahari wako kwenye ule mpango wa Marekani wa kufuatilia samaki tangu 2018, unaotaka chombo kilichovua, eneo, zana, kila kitu, na kuanzia 1 Januari 2026 kuna na sheria ya kulinda mamalia wa baharini inayouliza nyavu zenu zinawafanya nini pomboo. Sisi wa ziwani hatuna pomboo. Yaani kwa mara moja katika maisha mtu wa bara ana karatasi chache kuliko mtu wa pwani na bado hatujazipata.

Shangazi amenipigia wiki iliyopita. Wamechanga wamenunua chanja nyingine sita, na fundi amewajengea kibanda cha mabati pembeni, sakafu bado. Ameniuliza aandike nini kwenye magunia safari hii. Nimemwambia aandike Rastrineobola argentea, nikamtajia herufi moja moja kwenye simu, akaandika, akasoma, akacheka mpaka simu ikamdondoka. Kisha akauliza, na ofisini nao wataandika hivyo hivyo?

Nikamwambia nitawauliza wenyewe. Ndo nawauliza. Mvua za masika zikianza Machi dagaa hawakauki vizuri, kwa hiyo mkinijibu kabla ya hapo nitaagiza kilo 50 za majaribio kwenye kiza cha Februari, na cheti nitakuja kukichukua mwenyewe kwa mkono, nimeshaanza kutafuta tiketi.

Mwenye duka la dagaa lisilo na dagaa,
Columbus, Ohio